Kifaru Kilichogeuzwa Trekta

Mada iliyotolewa na mratibu wa miradi wa dayosisi katika semina ya kamati za sharika, Lisekese, Masasi



Nimeombwa nizungumzie trekta. Wote mnajua kwamba marafiki zetu wamekubali kutoa trekta moja kwa ajili ya sharika za huku, na mchana huu kamati zitapiga kura kama tulipokee au tuombe kitu kingine. Mniwie radhi, kwa maana nitaanzia mbali, Marekani, kisha nitarudi nyumbani kwa njia ya Nachingwea.

Wazee wa pwani ya kusini waliijua Marekani kama jina la kitambaa kabla hawajaijua kama nchi. Merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, ilifumwa kwa mashine katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za Salem. Mwaka 1833 Marekani na Sultani Said walitia sahihi mkataba wa biashara. Merikebu zilirudi na pembe za ndovu na sandarusi. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoikata, merikani ikaadimika hadi kwenye misafara ya bara. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mambo ya viwanda vya wenzetu hayatuhusu. Yalikuwa mgongoni mwa babu zetu.

Sasa twende mwaka 1917. Mwezi wa Aprili Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza. Bei ya ngano ilipanda, na wakulima wa Kansas, Oklahoma na maeneo ya jirani wakahimizwa kulima kila kipande. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, Waingereza na Wajerumani walipigana Mahiwa, upande wa Lindi, siku nne mfululizo. Mwezi uliofuata von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma pale Ngomano. Majeshi yote mawili yalikula chakula cha wenyeji na kubebesha watu mizigo. Kule vita vilileta bei nzuri na mashine, huku binadamu ndiye aliyekuwa lori. Wapagazi waliokufa katika vita ile ya Afrika Mashariki ni makumi ya maelfu, na wengi hawana kaburi linalojulikana.

Lakini ile neema ya Kansas nayo haikudumu. Vita vilipokwisha bei ikaanguka. Mkulima alikuwa amenunua trekta kwa mkopo, kwa hiyo ili alipe deni alilazimika kulima eka nyingi zaidi kwa bei ndogo zaidi. Nyasi zilizoshika udongo kwa karne nyingi zikapinduliwa zote. Ukame ulipokuja kuanzia 1931, udongo ukaondoka na upepo. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi liligeuza mchana kuwa usiku, na kabla ya mwezi huo kwisha Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuhifadhi udongo. Maelfu ya familia walikuwa wakihama na vyombo vyao juu ya magari mabovu. Nchi yenye matrekta mengi kuliko zote duniani ilikuwa na wakulima wasio na chakula. Ninawaomba wageni wetu wanisamehe, hili halisemwi kwa kuwacheka.

Ajabu yangu ni hii: miaka kumi na moja tu baadaye Waingereza walitenda kama hawajasikia. Baada ya vita ya pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula na sabuni, na haikuwa na dola za kununulia kwa Wamarekani. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel wa kampuni ya United Africa akashauri karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Ujumbe wa Bwana Wakefield ulizunguka kwa majuma tisa hivi, kwa sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza eka 3,210,000. Sehemu kubwa ya mashamba hayo ilipangwa iwe huku kwetu, Jimbo la Kusini.

Mashine zilitoka wapi? Matrekta mapya hayakupatikana, basi yakanunuliwa mabaki ya jeshi la Marekani yaliyoachwa Ufilipino, mengi yakiwa mabovu. Na vifaru vya Kimarekani aina ya Sherman, vilivyotengenezwa kwa maelfu ili kupigana na Hitler, vikageuzwa matrekta na kampuni ya Vickers, vikaitwa Shervick. Vilikuja kung'oa miti Tanganyika. Havikufaa.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Udongo ule wa mfinyanzi, mvua zikiisha, unakuwa kama sakafu ya saruji, na karanga haziwezi kung'olewa. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa eka 150,000, na zilizopandwa hazikufika 8,000. Nachingwea mvua ni nzuri zaidi, lakini msitu ulikuwa mnene na hakukuwa na njia, kwa hiyo ilibidi kwanza kujenga reli, kisha bandari ya Mtwara. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuacha mpango ule mkubwa. Hasara ilikuwa pauni milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Bandari imebaki, na hadi leo inasafirisha korosho. Hilo tuwashukuru.

Babu yangu mzaa mama alifanya kibarua cha kukata visiki Nachingwea. Alikuwa mlimaji wa karanga tangu utoto, na alijua ni udongo upi wa kichanga unaozitoa bila kukatika. Nilimuuliza kama kuna bwana shamba yeyote aliyewahi kumwuliza. Alicheka mpaka akakohoa.

Wakati huohuo, bila pauni milioni hata moja, wakulima wa Makonde, Masasi na Newala walikuwa wakipanda mikorosho, mmoja mmoja, kati ya mihogo yao. Kufikia msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000. Halafu watu wakahamishiwa vijijini mbali na miti yao, bei ikawa ndogo, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, na mavuno yakashuka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Viwanda vya kubangua vilikuwa vimeshajengwa kwa mikopo, na vingi vikakaa kimya. Tumevipita barabarani sote.

Nisiwasimange wengine tu. Mashine ya kusaga tuliyoifunga katika usharika mmoja wa dayosisi yetu, mradi niliousimamia mwenyewe, ilifanya kazi miezi minane. Mkanda ulipokatika, kipuri kilikuwa Dar es Salaam na mfuko wa mradi ulikuwa na shilingi za kununua dizeli tu. Taarifa niliyowaandikia wafadhili ilisema mradi "unaendelea na changamoto ndogondogo." Akina mama walikuwa wamesharudi kwenye kinu. Wageni wetu, mkisoma maneno hayo katika taarifa yoyote, ulizeni mara ya pili.

Basi kuhusu trekta sisemi tulikatae. Kuna watu hapa wenye eka za kutosha, na jembe la mkono linachosha, mimi nimelishika. Ila kabla ya kura naomba kila kamati ilete majibu ya maandishi. Nani atalima nalo, eka ngapi, na je, hizo eka zina mikorosho na visiki? Fundi yuko wapi, Masasi au Mtwara? Kwa kila saa ya kazi litalipiwa kiasi gani, na fedha ya matengenezo itakaa kwenye akaunti ya nani? Pia muwaulize wale wazee na akina mama wanaolima karanga kwa mkono huko mitaani kwenu, kisha majina ya waliojibu yawe kwenye karatasi.

Katibu ana karatasi za kujazia. Chakula kiko tayari chini ya mwembe, na tutarudi humu saa nane kamili.