Usukani Uliopasuka

Wako wasemao kwamba kasisi hana shughuli na mambo ya gereji. Sisi nasi tulidhani hivyo, mpaka tulipoitwa nyumbani kwa mzee mmoja wa kanisa letu kule Kitale, mwalimu mstaafu, tukasuluhishe ugomvi kati yake na mwanawe. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya usukani wa gari.

Gari ni Chevrolet ya mwaka 1955. Mkulima Mzungu wa Trans Nzoia aliliuza alipokuwa akiondoka baada ya uhuru, na aliyelinunua ni baba yake mwalimu, ambaye alikuwa dereva wake. Siku hizi gari hilo huchukua maharusi, leo Kitale, kesho Bungoma, na karo ya wajukuu watatu hutoka humo. Basi Jumamosi moja, wakishuka kuelekea Webuye na bibi arusi kiti cha nyuma, mwalimu alikata kona, na kipande cha usukani kikabanduka kikabaki mkononi mwake. Kiganja kilichanika. Alifika Bungoma akiwa ameufunga mkono kwa utepe mweupe wa harusi, nao ulikuwa umekwisha kuwa mwekundu.

Sukani za magari ya zamani hizo zilikuwa pete ya chuma iliyovikwa plastiki ngumu. Jua huichoma, baridi ya usiku huibana, chuma na plastiki havitanuki sawasawa, na mwisho nyufa hutokea. Si kosa la mtu. Lakini sasa ilibidi kuchagua, na harusi nyingine ilikuwa imebaki wiki mbili.

Mwana alitaka usukani mdogo wa kisasa, wa inchi 14, wenye ngozi nyeusi. Alikwisha kuupata kwa mwuza skrepu, umetolewa katika gari la Kijapani. Meno yake ya ndani hayakulingana na meno ya shafti ya Chevrolet, lakini fundi mmoja alisema atakata kitovu cha ule wa zamani na kukichomelea katika huu mpya. Baba naye hakutaka kusikia. "Mwanangu," alisema, "baba yangu alishika huu huu. Tutaujaza gundi, tupige msasa, tupake rangi." Mwana akajibu kwamba Baba anapenda vitu vya kale kuliko watu walio hai. Neno hilo lilimwuma mzee. Akaingia ndani asirudi.

Tukaulizwa sisi. Nasi, kwa kuwa siku zilikuwa chache na bibi arusi aliyengojewa alikuwa wa kanisa letu, tulisema: basi na uchomelewe. Tulisema upesi, kama mtu anayejua.

Yakobo katika waraka wake, sura ya 3, auita ulimi kwa mfano wa usukani wa merikebu, kitu kidogo kigeuzacho chombo kikubwa. Nahodha wa Lamu na dereva wa Kitale hutumia neno lilo hilo, usukani. Sura hiyo tumeihubiri mara nyingi, tena kwa sauti kubwa. Siku ile tulikuwa tumewageuza watu kuelekea mwambani, tena kabla ya chai kupoa.

Aliyetuzuia ni fundi mzee wa Bungoma, ambaye tulimpitia kwa habari nyingine kabisa. Aliuliza swali moja: kitovu cha usukani mpya ni cha chuma au cha aluminiamu? Hatukujua. Akasema sukani nyingi za kisasa zina mifupa ya aluminiamu au magnesi, na chuma hakishikani na vitu hivyo kwa moto wa kuchomelea; kitaonekana kimeshika, kisha siku moja kwenye daraja la Kamukuywa dereva atabaki na duara mikononi. Tena akatupigia hesabu. Gari lile halina pampu ya kusaidia usukani. Chrysler ndiyo iliyotangulia kuuza gari la abiria lenye msaada huo, mwaka 1951, na kwa Chevrolet ya 1955 ilikuwa nyongeza ya kulipiwa. Kazi yote ni ya mabega. Anayevuta kilo 14 kwenye usukani wa inchi 18, atavuta kilo 18 kwenye ule wa inchi 14. "Mwalimu ana miaka mingapi?" akauliza. Sabini na moja.

Na nguzo ya usukani wa gari hilo ni fimbo nzima iliyoelekea kifuani. General Motors ilianza kuweka nguzo inayojikunja wakati wa ajali katika magari yake ya mwaka 1967. Kwa hiyo hapo mbele hapana nafasi ya majaribio.

Tulirudi Kitale tukakiri mbele ya wote wawili kwamba tulishauri vibaya. Si jambo tamu kwa mtu avaaye kola. Lakini mzee naye hakushinda. Fundi alikuja, akatia alama kwa patasi juu ya shafti na kitovu, akauvuta usukani kwa puli, akafungua nyufa kwa tupa ili gundi iingie. Pale spoki moja inapokutana na pete, chuma kilikuwa kimeliwa na kutu hata kubaki kama uzi. Maji yalipita katika ufa miaka mingi. Gundi na rangi vingalificha jambo hilo vizuri sana. Mwalimu alikitazama kwa muda, akamwita mwanawe akitazame.

Usukani mpya wa kuigiza wa zamani hutengenezwa Marekani, lakini bei, nauli na ushuru wa forodha vilizidi uwezo wao. Harusi ile tuliiazimia gari lingine. Ni yule mwana aliyezunguka mashambani, na baada ya miezi miwili akapata, karibu na Kiminini, Chevrolet ya mwaka huo huo iliyokufa, usukani wake umetundikwa ghalani juu ya mahindi, mbali na jua. Mwenyewe ni mjane. Tulianza kumweleza habari za ukumbusho wa wazee, akatukatiza: "Kasisi, mimi siuzi ukumbusho, nauza chuma." Akataja bei nzuri, nasi twaona alikuwa na haki.

Uliingia katika shafti bila nyundo, meno yakashikana hata chini. Fundi akanyoosha magurudumu ya mbele, akakaza nati, akaunga waya wa honi. Kwenye pete kuna mahali rangi imelika, juu kidogo upande wa kulia, palipozoea kidole gumba cha marehemu. Mwalimu aliweka chake hapo, akakisogeza, kisha akashuka akampa mwanawe ufunguo alijaribu gari hadi Kiminini na kurudi.