Mchango usiishie kwenye upasuaji

Kwetu Uvira, Kiliba, Sange, na njia ya Makobola hadi Baraka, mtu wetu akirudi kutoka India na figo mpya, tunampokea kama aliyefufuka. Kwaya inaimba, majirani wanapita mmoja mmoja kumshika mkono. Kabla ya hapo kanisa, ukoo na ndugu walio Ulaya wamechanga dola kwa miezi, mpaka zikatosha tiketi, chumba na upasuaji. Ninawaheshimu sana watu hao. Lakini mara nyingi fedha zinaishia hapo, na hatari kubwa ya maambukizi ndiyo kwanza inaanza, katika mwaka ule wa kwanza ambao mgonjwa anaupitisha akiwa hapa kwetu.

Mwili hauipokei kwa hiari figo ya mtu mwingine, hata ya ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo mgonjwa anameza takrolimusi, mikofenoleti na prednizoloni kila siku, muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Dawa hizo zinashusha kinga, na kinga ikishuka, virusi tulivyobeba tangu utotoni bila kuvisikia vinaamka. Kuna sitomegalo, ambayo karibu kila mtu mzima wa kanda hii aliipata akiwa mtoto. Kuna Epstein-Barr, iliyogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Uganda, ule ambao Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, aliueleza kwanza. Kuna kirusi kinacholeta saratani ya Kaposi, ambacho kimeenea Afrika ya Kati na ya Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia. Tena kuna BK, kilichotangazwa mwaka 1971 baada ya kuonekana katika mkojo wa Msudani aliyepandikizwa figo huko London. Wa kwanza kuonekana nacho, basi, alikuwa Mwafrika aliyekwenda mbali kutafuta uzima, sawa na hawa wetu.

Kirusi kimoja ni kazi. Viwili kwa pamoja ni mtihani mgumu sana kwa daktari. Sitomegalo yenyewe inazidi kudhoofisha kinga na kuvifungulia virusi vingine mlango. Siku moja kipimo cha kreatinini kinapanda, maana yake figo inachoka. Kwa nini? Labda mwili unaikataa, na hapo daktari anapaswa kuongeza dawa za kushusha kinga. Labda ni BK, na hapo anapaswa kuzipunguza, kwa kuwa BK haina dawa iliyothibitishwa ya kuiua. Sitomegalo ina dawa, valgansiklovia, lakini nayo inapunguza chembe nyeupe za damu, na mikofenoleti inafanya vilevile. Asiye na kipimo cha kuhesabu virusi katika damu atabaki kukisia, na akikosea upande wowote, figo inakufa.

Sasa tazameni inavyokuwa hapa Uvira. Mgonjwa anapata homa, tunasema malaria. Anahara, tunasema kipindupindu au amiba, maana ziwa na mito yetu imetuzoesha. Huenda ni kweli. Lakini huenda ni sitomegalo iliyoshika utumbo. Na kuhara kwenyewe, hata kwa sababu nyingine yoyote, kunaweza kupandisha kiwango cha takrolimusi katika damu hadi kuumiza figo. Halafu mtu anakimbilia duka la dawa la jirani, anapewa erithromisini, ambayo inakipandisha zaidi. Wauza dawa wanaonisikiliza, naomba muulize kwanza: je, wewe umepandikizwa figo?

Kuna watakaoniambia kwamba hawa ni wachache, na kwamba kipindupindu kitangulie. Ninawaelewa. Ila idadi yao itaongezeka, kwa sababu safari imefupika: hospitali ya Muhimbili huko Tanzania ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na mwaka 2023 Kigali na Kampala nazo zikaanza. Tena Mpox ilishatufundisha. Aina mpya iliyotokea Kamituga mwaka 2023 ilifika kwetu, na mwaka 2024 watu wa Uvira walijifunza neno PCR, kipimo cha kutafuta vinasaba vya kirusi, wakisubiri majibu ya sampuli zilizopelekwa Goma. Kwa njia hiyohiyo, vikiongezwa vitendanishi vyake, sitomegalo na BK vinahesabika, kama vinavyohesabika virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini B, ambavyo vinawahusu maelfu ya watu wasiohusika kabisa na figo. Wakuu wa afya wa Kivu Kusini, tunaomba maabara moja tu ya mkoa iwe na vipimo hivyo, na bei yake ibandikwe ukutani.

Haitoshi kusema vipimo na dawa vifuatwe Bujumbura kwa kuwa ipo karibu. Ni karibu pale tu mpaka unapokuwa wazi. Desemba 2025, waasi wa M23 walipoingia Uvira na Burundi ikafunga mpaka, njia ya kwenda huko kupitia Gatumba ilifungika. Barabara ya Bukavu kupitia bonde la Ruzizi, hatari zake mnazijua wenyewe. Mwenye figo mpya hawezi kuruka takrolimusi hata kwa siku chache, kwa hiyo nyumbani kwake kuwe na akiba ya miezi, siyo ya juma.

Kamati za michango zitakazokaa Jumapili hii baada ya ibada, wekeni fedha za vipimo na dawa za mwaka mzima kwenye hesabu kabla ya kununua tiketi. Mkipungukiwa, ni afadhali kuchelewa kidogo mkiendelea na dializi kuliko kwenda na fedha za nusu ya safari. Na kabla mgonjwa hajatoka hospitali huko ng'ambo, adai karatasi inayosema kama yeye na aliyempa figo walikuwa na sitomegalo na homa ya ini kabla ya upasuaji. Mtoaji akiwa na sitomegalo na mpokeaji akiwa hana, hatari ni kubwa kuliko zote, na daktari wa hapa hana namna ya kulijua hilo bila karatasi hiyo.