TUGAWANE KAZI, TUSIGAWANE CHUPA

(Mazungumzo juu ya dawa za nyanya, yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyabandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya dawa za kunyunyizia nyanya. Hatutaanza na wadudu. Tutaanza na chupa ya soda.

Kila mmoja hapa anajua tunavyofanya. Dawa ya lita moja ni ghali. Basi watu watatu wanachanga fedha, wanainunua, halafu wanaigawa kwenye chupa za soda. Tuliona huo ndio ushirika. Msimu uliopita mtoto wa mwenzetu alirudi kutoka shule ana kiu, akaikuta chupa moja chini ya kitanda, akapiga funda moja. Mate yakamtoka, jasho likammwagika, mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano. Zahanati, tabibu akauliza: amekunywa dawa gani? Hakuna aliyejua. Karatasi ya maelezo ilikuwa kwenye chupa ya dukani, nyumbani kwa mwenzetu wa tatu, ng'ambo ya mto. Kijana akakimbizwa na baiskeli kuifuata. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini jamani, kosa halikuwa la mtoto wala la mama yake. Lilikuwa letu sote.

Sasa tufanyeje? Tuendelee kununua pamoja, lakini tugawane kazi. Walionunua dawa moja wanyunyize siku moja: wanaanza shamba la kwanza, wanamaliza la tatu, na dawa haitoki kwenye chupa yake ila kuingia kwenye bomba. Ikibaki, irudi stoo ya chama, chini ya kufuli.

La pili, je, kila siku ni siku ya kunyunyiza? Kantangaze aliingia nchini mwetu mwaka 2014. Tulipomwona tukashikwa na hofu, tukapiga dawa kila baada ya siku tatu. Naye akazidi! Sababu ni kwamba kiwavi wake anakula ndani ya jani, baina ya ngozi ya juu na ya chini, kisha anaingia ndani ya nyanya. Dawa nyingi zinabaki nje, zinaua buibui na wadudu wanaotusaidia kumla. Na viwavi wanaopona ndio wanaozaa wale wasioogopa tena dawa hiyo. Tukabadilisha dawa, kumbe tumebadilisha jina tu! Dawa mbili zinaweza kuwa na majina tofauti na kiini kimoja. Kabla ya kununua, mwulizeni bwana shamba kama kweli ni ya kundi jingine.

Kwa hiyo tukague kwanza. Mara mbili kwa wiki pita kwenye mistari, pindua majani. Majani yenye michirizi na nyanya zilizotobolewa, chuma, ufukie kwenye shimo refu. Mavuno yakiisha, ng'oa mashina yote, na mnavu wa pembeni pia, maana humo ndimo anamojificha. Na mahali palipokuwa na nyanya usirudishe nyanya, viazi mviringo wala bilinganya. Panda mahindi au maharage. Dawa ije baada ya hayo, ukiona inahitajika.

La tatu, siku ya kunyunyiza. Tazama ukanda wa rangi kwenye chupa. Nyekundu ni sumu kali sana, ya manjano inafuata, kisha bluu, kijani ndiyo yenye nafuu, lakini nayo si maji ya kunywa. Pima kwa kikombe chenye alama. Kuzidisha kipimo hakuui mdudu mara mbili, kunamaliza fedha na kumdhuru mpigaji. Vaa mikono mirefu, suruali, viatu vya mpira na glavu. Piga asubuhi au jioni upepo ukiwa umetulia, na usiuelekee. Bomba likiziba, usilipulize kwa mdomo. Watoto na akina mama wajawazito wakae mbali. Na lile la kunywa maziwa ili kuondoa sumu, tuliache. Maziwa ni chakula, hayamkingi mtu. Kinachosaidia ni kuoga kwa sabuni na kufua nguo zile peke yake.

Dawa ikimwingia mtu machoni, aoshwe kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15. Akiwa ameinywa, msimtapishe. Mvueni nguo zilizolowa, mkimbizeni zahanati, na chupa yenye karatasi iende naye.

La mwisho ni siku za kungoja. Karatasi ikisema siku 7 kabla ya kuchuma, ni siku 7, hata kama lori limesimama barabarani na dereva anapiga honi. Anayekula nyanya ile mjini ni mtoto wa mtu, kama yule wa kwetu.

Mkutano umekubali: kuanzia msimu huu hakuna dawa kwenye chupa ya soda. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji yake yamiminwe ndani ya bomba, itobolewe, iletwe stoo. Mwenye chupa ya soda nyumbani aseme mapema. Hatutamcheka mtu, maana wengi wetu tunazo.