Uyoga nao unapumua
Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, komini ya Kasuku



Tumepita parsela kwa parsela, Kasuku na Mikelenge, tukavuka mto mpaka Alunguli, kuangalia masanduku yenu ya uyoga. Kazi tumeiona. Mtu amerudi, amekuta shamba lake limeshikwa na mwingine, kesi haijaisha. Sanduku la metre moja na nusu nyuma ya nyumba linampa mboga na makuta kidogo wakati anangoja. Majani ya mpunga hapa Maniema hayakosekani. Kinachouma ni mbegu: inatoka mbali, na inalipwa na likelemba. Mifuko ikioza, ni makuta ya wote yameoza. Kwa hiyo leo tunasema juu ya kitu kimoja tu: hewa.

Masanduku mengi yamefungwa bashi pande zote, hakuna hata tundu. Ndani, mifuko imepangwa moja juu ya ingine. Asubuhi ukifungua, mayi inatiririka kwenye bashi na harufu nzito inakupiga puani. Uyoga wenyewe una shina refu, jembamba, na kofia ndogo kama kifungo cha shati. Wengine wanasema mbegu ilikuwa mbaya. Wengine wanasema ni jicho la jirani. Tuache jirani apumzike kwanza, tuangalie sanduku.

Uyoga si kama lengalenga. Hauna majani ya kijani. Unapumua kama sisi: unavuta oksijeni, unatoa gesi karboniki. Watu ishirini wakilala ndani ya chumba kimoja kisicho na dirisha, asubuhi vichwa vinauma. Mifuko ya uyoga nayo iko vile. Gesi ikijaa, uyoga unarefusha shina na kofia haifunguki vizuri.

Tuelewane: wiki mbili tatu za kwanza, wakati mbegu inatembeza nyuzi nyeupe ndani ya mfuko, haiombi hewa mingi. Wakati ule kufunga si kosa. Siku vichwa vidogo vinaanza kutoka, hapo njo hewa inatakiwa, na hapo njo wengi wanaendelea kufunga.

Kutengeneza ni kazi ya kisu na saa moja. Hewa ya joto inapanda, hewa ya baridi inashuka. Toboa matundu mawili upande mmoja, chini, karibu na udongo. Toboa mengine mawili upande unaotazamana nao, juu, karibu na paa. Kila tundu liwe pana kama kiganja. Hewa ya joto inatoka juu, hewa mpya inaingia chini, bila umeme. Matundu yakiwa yote juu, au yote upande mmoja, hewa haizunguki. Yafunike kwa nje na kipande cha musitikeri iliyozeeka na kupasuka, juu ya inzi. Ile nzima ibaki kitandani kwa mtoto.

Mifuko nayo iachane. Itundike kwa kamba, na kati ya mfuko na mfuko mkono upite. Hapa tunajua kuna ubishi: mtu ameweka mifuko 40, tunamwambia apunguze, anaona tunamnyang'anya. Lakini mfuko wa katikati usiopata hewa hautoi kitu, na ukishika ukungu wa kijani unaupeleka kwa wenzake. Mfuko wa namna ile utoe mara moja, uuzike mbali.

Kujua kama hewa inapita, funga kamba ya sashe, nyepesi kabisa, mbele ya tundu la chini. Ikisukumwa kwenda ndani, hewa inaingia. Ikining'inia tu, ongeza tundu. Mwenye pano ya jua anaweza kuweka ventilateri ndogo ya kompyuta iliyokufa, ya volti 12, kwenye tundu la juu, itoe hewa nje. Usiielekeze kwenye mifuko, itaikausha.

Juu hewa pia inaweza kuzidi. Kofia zikipasuka pembeni na kugeuka njano, upepo ni mwingi ao mayi ni kidogo. Kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, funga nusu ya matundu mchana na unyunyizie mara nyingi zaidi. Kila siku, mvua ao jua, mpango ni ule ule: hewa kwanza, mayi nyuma. Fungua mlango asubuhi, ngoja kidogo, kisha nyunyiza kwenye kuta na chini, usiimwagie kofia.

Kuna neno la mwisho, na hili si la biashara. Uyoga uliokomaa unamwaga vumbi jeupe, laini. Mtu akilivuta siku nyingi ndani ya mahali pamefungwa, anaanza kukohoa, anapata homa, kifua kinabana, na watu wanafikiri ni malaria. Tumekuta masanduku mawili ndani ya chumba wanacholala watoto. Tunaomba yatoke leo, si kesho. Chuma uyoga kabla kofia haijageuka kwenda juu, na ufungue mlango kabla ya kuingia. Anayekohoa bila kupona aende kituo cha afya, aseme wazi kwamba analima uyoga.

Kamati imetuuliza kama likelemba ijenge sanduku la pili. Jibu letu: bado. Matundu hayalipwi. Yatoboeni, mchume mara moja, muangalie kofia. Zikifunguka pana kama kiganja, makuta yaende kwenye mbegu, na sanduku la pili mtalijenga na faida ya la kwanza.

Anayetaka tupite kwake aandikishe jina kwa katibu.