Zinki Nayo Huisha: Jinsi ya Kutunza Chasisi ya Karavani Pwani

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa madereva, wahudumu wa afya, mafundi na wakazi wa Pwani wanaomiliki karavani na tela za biashara. Yamechapishwa hapa ili kila mkazi ayasome.



Siku ya kliniki tembezi kijijini, mama mwenye mtoto wa wiki 6 huamka alfajiri. Anajua kwamba chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zina tarehe zake, na zahanati iliyo karibu huenda iko mbali. Anafika chini ya mwembe, anaketi, anangoja. Karavani isipokuja, hakuna atakayemweleza kwamba bolti imekatika au kwamba mkono wa kukokotea umeoza kwa kutu. Atarudi nyumbani na mtoto wake bila chanjo, na mwezi ujao huenda asije tena.

Ndiyo maana mazungumzo haya yanahusu chuma. Karavani ya kliniki, tela la maji, kibanda cha magurudumu kinachouza chakula kando ya barabara na tela la kubebea mashua vyote vinakaa juu ya chasisi, ile fremu ya chini inayobeba uzito wote. Mtu akiinunua huambiwa kwamba chasisi ni ya chuma kilichopakwa zinki, kwa hiyo haishiki kutu. Maneno hayo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ndiyo inayowagharimu watu.

Zinki hufanyaje kazi?

Chasisi nzuri huzamishwa nzima katika zinki iliyoyeyushwa, yenye joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Zinki hushikamana na chuma kabisa, tofauti na rangi inayokaa juu tu. Hukilinda chuma kwa njia mbili. Kwanza, hukifunika kisiguswe na maji na hewa. Pili, chuma kikikwaruzwa kidogo, zinki iliyo kando ya mkwaruzo huliwa kwanza badala ya chuma. Kwa hiyo mkwaruzo mwembamba wa jiwe la barabarani hauleti kutu mara moja, kama ingekuwa rangi ya kawaida.

Lakini neno la kukumbuka ni hilo: huliwa. Zinki inajitoa ili chuma kibaki, na kila mwaka hupungua. Kwa chuma chembamba cha kati ya milimita 1.5 na 3, kinachotumika sana katika karavani nyepesi, kiwango cha kimataifa cha ISO 1461 kinataka zinki yenye unene wa wastani wa mikroni 55. Huo ni unene usiofikia hata unywele mnene wa binadamu.

Sasa tazama hesabu. Viwango vya kimataifa vinagawa mazingira kulingana na ukali wake. Mahali penye unyevu wa wastani na chumvi kidogo, zinki hupungua kwa mikroni zisizozidi 2.1 kwa mwaka. Mikroni 55 hapo zinaweza kukaa miaka 26 au zaidi. Mahali pakali sana, penye chumvi nyingi ya bahari, zinaweza kupotea mikroni 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka. Hapo zinki ile ile inaweza kuisha kwa miaka 6 na nusu tu. Karavani mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja, moja ikipelekwa bara pakavu na nyingine ikiegeshwa mita chache kutoka ufuoni, hazitazeeka pamoja. Upepo wa kusi unaopuliza kutoka baharini hubeba chumvi, nayo hutua chini ya karavani, mahali ambapo mvua haifiki kuiosha.

Kusoma rangi ya chuma

Dereva hahitaji mashine kujua hali ya chasisi. Anahitaji tochi, kitambaa na dakika 10 za kulala chali chini ya karavani iliyozuiwa magurudumu.

Akiona rangi ya kijivu iliyofifia, hiyo ni afya. Zinki mpya hung'aa, kisha baada ya majuma au miezi kadhaa hupata utando wa kijivu unaoilinda. Utando huo hujengeka vizuri panapokuwa na hewa na nafasi ya kukauka. Kwa hiyo tela jipya lisiingizwe baharini wiki ya kwanza likiwa bado linang'aa.

Akiona unga mweupe, hiyo ni kutu nyeupe. Hutokea pale unyevu unapokaa bila hewa: chini ya nailoni iliyofungwa, kwenye matope yaliyoganda, au pale nyasi ndefu zinapogusa chuma. Unga kidogo usafishwe kwa maji na brashi ya nailoni, kisha pakaushwe. La muhimu zaidi ni kuondoa kilichosababisha unyevu.

Akiona rangi ya kahawia, asikimbilie kupaka rangi. Apanguse kwanza. Mara nyingi doa hilo limetiririka kutoka kwenye bolti ya kawaida isiyo na zinki, na dawa yake ni kubadilisha bolti. Lakini ikiwa kutu ni ya chuma chenyewe, ina magamba na haipanguki, basi zinki ya hapo imekwisha na kazi ya ukarabati imeanza.

Mikono inayoharibu

Chumvi ni adui, lakini chasisi nyingi huumizwa na watu waliokuwa wakijaribu kusaidia.

Wa kwanza ni mwenye drili. Anataka kufunga tangi la maji, ngazi au sanduku la betri, anatoboa chasisi. Tundu hilo halina zinki ukingoni, linaingiza maji ndani ya chuma, na linapunguza nguvu pale ambapo fundi wa kiwanda alihesabu mzigo. Watengenezaji wa chasisi za karavani huandika wazi katika vitabu vya maelekezo kwamba zisitobolewe wala kuchomelewa. Kitu cha kuongezwa kifungwe kwa vibano vinavyoishika chasisi bila kuitoboa, na uzito wake uhesabiwe.

Wa pili ni mwenye kuchomelea. Zinki huchemka na kugeuka mvuke kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na moto wa kuchomelea unapita hapo kwa mbali. Zinki yote ya karibu hutoweka, na chuma hubaki uchi. Fundi mwenyewe huvuta moshi mweupe, na saa chache baadaye hupata homa, baridi na maumivu ya mwili. Mafundi wengi wa jua kali huamini kwamba glasi ya maziwa inatibu. Maziwa hayaondoi moshi uliokwisha kuingia kifuani. Kinga ni kuiondoa zinki kwanza mahali pa kuchomelea, kufanya kazi penye hewa na kuvaa kifaa cha kupumulia kinachofaa. Na kwa chasisi inayobeba watu au kliniki, uamuzi wa kuchomelea ni wa mhandisi; usitolewe kando ya barabara.

Wa tatu ni mwenye kopo la rangi. Rangi ya mafuta ya kawaida ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki hupendeza kwa muda, halafu hubanduka kama ngozi ya kitunguu, kwa sababu mafuta yake na zinki hugeuka kitu kama sabuni. Chini ya magamba hayo unyevu hujificha. Anayetaka kupaka rangi atafute rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki, na auandae uso wa chuma kama kopo linavyoelekeza. Tena, rangi ya fedha inayouzwa kwa mageti hufanana na zinki kwa macho tu.

Wa nne hakuna anayemshuku: mwenye ndoo ya dawa ya kuua vijidudu. Sakafu ya kliniki lazima ioshwe kwa dawa ya klorini, na hilo lisiachwe. Lakini maji hayo yakichuruzika kwenye mlango na viungo vya sakafu, hudondokea chasisi siku baada ya siku, na klorini hula zinki na chuma. Vivyo hivyo maji ya betri, ambayo ni asidi. Baada ya kuosha sakafu, chini pamwagiwe maji safi.

Ratiba isiyo na gharama kubwa

Kila baada ya safari ya ufuoni, na angalau mara moja kwa wiki kwa karavani inayokaa karibu na bahari, sehemu ya chini ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Hapa Pwani neno hilo lina uzito, kwa sababu visima vingi vina maji ya chumvi. Yaonjwe kwanza. Kuosha chasisi kwa maji ya kisima cha chumvi ni kuipaka kile unachotaka kuondoa. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi yanafaa. Mpira wa maji wa kawaida unatosha. Mashine ya nguvu isielekezwe kwenye beringi za magurudumu, maana husukuma maji ndani na kuitoa grisi.

Kila mwezi, matundu ya kutolea maji kwenye chasisi yazibuliwe kwa kijiti. Kiwanda kiliyaacha kwa makusudi. Tope la masika likiyaziba, maji hukaa ndani ya chuma na kutu huanzia mahali pasipoonekana. Bolti zikaguliwe pia. Zilizoharibika zibadilishwe kwa bolti zenye zinki na za nguvu ile ile, na waya au bomba la shaba lisiachwe kugusa chasisi, kwa sababu shaba na zinki zikilowa pamoja, zinki huliwa haraka.

Mkwaruzo uliofikia chuma ushughulikiwe mapema. Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, mafuta yafutwe, pakauke, kisha pakwe rangi yenye zinki nyingi. Ipakwe zaidi ya mara moja, ipite kidogo kingo za jeraha. Sehemu iliyoharibika ikizidi ukubwa wa kiganja, au ikiwa karibu na ekseli au mkono wa kukokotea, iangaliwe na fundi aliyesomea kazi hiyo kabla ya karavani kutoka tena.

Kuna pia sehemu ambazo zinki haizilindi sawasawa: kichwa cha kukokotea, kebo za breki, jeki za pembeni na beringi. Hizi huishi kwa grisi na ukaguzi, na ndizo huachia barabarani. Tela likichomoka kwenye barabara ya Mombasa hadi Malindi, walio nyuma yake ni bodaboda, matatu na watoto wa shule. Cheti cha ukaguzi wa gari kinaonyesha hali ya siku ile tu. Siku zilizobaki ni za jicho la dereva.

Anayepaswa kuangalia ni nani?

Hapo ndipo mambo huharibika. Dereva hudhani ni kazi ya karakana. Karakana hudhani ni kazi ya idara. Muuguzi hudhani si kazi yake kabisa. Chasisi iko chini, haionekani, na hakuna anayelalamika hadi siku itakapovunjika.

Dawa ni daftari moja linalokaa ndani ya karavani. Liandikwe tarehe, nani ameosha, nani amelala chini akatazama, ameona nini, na nini kimefanywa. Aliyeandika atie sahihi. Picha ya simu ya mahali pale pale kila mwezi itaonyesha kama doa linakua. Mwenye kibanda cha chakula anaweza kufanya vivyo hivyo katika daftari la mauzo.

Wakazi nao wana sehemu yao. Karavani ya umma imenunuliwa kwa kodi ya mama mboga na ya mvuvi. Mkazi akiona mtu anatoboa chasisi yake, au akiona kutu nyekundu kwenye mkono wa kukokotea, ana haki ya kuuliza, na msimamizi wa zahanati au wadi anapaswa kumsikiliza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kliniki tembezi, ufa huo ni mkwaruzo wa urefu wa kidole, na wa kuuziba ni mtu mmoja mwenye tochi, brashi na ndoo ya maji safi. Akifanya kazi yake wiki hii, mama aliye chini ya mwembe ataiona karavani ikikata kona.