Mintarafu ya Kuhesabu Vilivyomo Ramanini



Mtu aulizapo kata fulani ina barabara ngapi, hudhani ameuliza jambo jepesi, kwa kuwa jawabu lake ni tarakimu tupu. Nami, kwa idhini yenu, nataka kubainisha kwamba tarakimu hiyo imesimama juu ya masharti ambayo muulizaji aghalabu hakuyataja, na mtunga programu akiyapuuza, tarakilishi itamjibu upesi, bila ya haya, jawabu la swali jingine.

Tuitazame Dar es Salaam. Mnamo mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu, pamoja na wakazi wa kata zinazofurika, walianza kuchora nyumba, njia na mitaro katika mradi wa Ramani Huria, wakavitia vyote katika OpenStreetMap, ramani iliyo huru kwa kila mtu. Katika ramani hiyo Barabara ya Morogoro, ambayo kwa abiria wa daladala ni moja, si kitu kimoja: hukatwa ifikapo darajani, hukatwa idadi ya njia zake ibadilikapo, na pande zake mbili zitenganishwapo katikati kila upande huchorwa peke yake. Basi mwenye kuagiza hesabu ya barabara huletewa hesabu ya vipande. Na akijihadhari kwa kuagiza majina yasiyorudiwa, vichochoro visivyo na jina hutoweka vyote katika hesabu, navyo ndivyo vilivyo vingi uswahilini.

Wako pia waagizao kila umbo la ramani liletwe, na nukta zake zote, ndipo wahesabu. Hao ni mithili ya mtu apakiaye shehena nzima ya mchele apate kujua idadi ya magunia, ilhali karani wa ghala anayo daftari. Hifadhidata iachiwe ihesabu yenyewe. Nayo hutumia faharasa ya namna aliyoieleza Antonin Guttman mwaka 1984, ambayo hulizungushia kila umbo mstatili, ili yaliyo mbali yaondolewe bila ya kuchunguzwa. Lakini mstatili wa kata iliyojipinda kufuata Mto Msimbazi humeza nyumba za majirani. Kwa hiyo anayekomea kwenye mstatili amehesabu nyumba zisizo za kata hiyo, na uchunguzi wa umbo lenyewe hauepukiki.

Maktaba ya programu iitwayo GDAL, itumiwayo na programu nyingi za ramani, ikiulizwa idadi ya maumbo bila ya kulazimishwa kuhesabu, na kuhesabu kukiwa na gharama, yaweza kurudisha hasi moja, yaani haijui. Naipenda adabu hiyo, ila namhofia anayeijumlisha hasi moja pamoja na hesabu nyingine asiitazame.

Taabu kubwa iko mpakani. Nukta iliyo juu kabisa ya mstari wa mpaka, kwa sharti la kuwa ndani, si ya kata yoyote. Kwa sharti la kugusana, ni ya kata zote mbili. Daraja lililo mpakani likihesabiwa kwa sharti hilo la pili kata kwa kata, jumla ya kata huzidi idadi ya mji mzima, na hakuna aliyekosea kujumlisha. Nyumba naona ipewe kata ilimo nukta moja iliyochaguliwa ndani ya umbo lake. Ama mtaro upitao kata tatu, huo nisingeuhesabu hata kidogo: ningeukata kila mpakani, nikapima mita zilizomo katika kila kata.