Magavana Watatu kwa Siku Moja

Somo la leo latupeleka Marekani, kwenye jimbo la milima liitwalo Colorado. Nchi ile ina majimbo mengi, na kila jimbo lina mkuu wake, yaani gavana, achaguliwaye kwa kura. Wanawake wa Colorado walipata haki ya kupiga kura mwaka 1893, mapema kuliko wenzao wa majimbo mengi.

Mwaka 1904 watu wawili walishindania ugavana. James Peabody, wa chama cha Republican, ndiye aliyekuwa gavana. Mpinzani wake, Alva Adams wa chama cha Democratic, alikwisha kuwa gavana mara mbili zamani. Watu walikuwa na uchungu. Wachimba dhahabu wa Cripple Creek walipogoma mwaka 1903, Peabody alipeleka askari. Wengine walifungwa bila ya hukumu, wengine wakafukuzwa jimboni. Wachimbaji na wake zao waliingoja sana siku ya kura.

Kura zilipohesabiwa, Adams alimpita mwenzake kwa kura zipatazo elfu tisa. Akaapishwa Januari 1905. Lakini Peabody alilalamika kwamba mjini Denver pametumika hila. Masanduku yakafunguliwa.

Hapa sikilizeni vizuri, ninyi mnaojifunza kuandika. Siku zile, mtu aliyekitaka chama kimoja tu aliandika jina la chama hicho kwa mkono juu ya karatasi ya kura. Wajuzi wa miandiko walizitazama karatasi zile, wakasema nyingi zimeandikwa na mkono mmoja. Kila mtu ana mwandiko wake. Mwalimu wenu aujua wa kila mmoja wenu bila ya kutazama jina juu ya daftari.

Watu wa Adams hawakunyamaza. Walisema kwamba kwenye machimbo ya makaa, wakubwa wa makampuni waliwashurutisha wafanyakazi wampe kura Peabody. Kwa maoni yangu, hakuna upande uliotoka na mikono safi.

Neno likafika katika baraza la kutunga sheria. Wajumbe wengi walikuwa wa chama cha Peabody, lakini baadhi yao hawakumtaka tena. Basi wakafanya mapatano. Tarehe 16 Machi 1905 walimwondoa Adams na kumweka Peabody, kwa sharti kwamba ajiuzulu mara moja. Barua ya kujiuzulu alikwisha kuitia sahihi. Kesho yake naibu gavana, Jesse McDonald, akawa gavana. Watu watatu kwa muda wa saa 24! McDonald akatawala hadi Januari 1907, ingawa hakuna hata mtu mmoja aliyempigia kura ya ugavana.

Sasa andikeni maneno haya: kura, sanduku, mwandiko, sahihi. Kisha jadilianeni darasani: mchimbaji wa Cripple Creek aliyepiga kura moja tu, kwa mkono wake mwenyewe, kura yake ilikwenda wapi?